Kilo Moja ya Klorini

Ndugu msomaji, nina swali, na ninakuomba ulishike mkononi kwanza bila kulijibu. Mtu akichukua kitu cha mwenye nacho bila kumwambia, akakipeleka penye shida kubwa zaidi, na mwenyewe hata asijue kwamba kimepungua, mtu huyo tumwiteje? Najua wako walioshajibu. Hata mimi nilijibu papo hapo, nikiwa na miaka ishirini, na jibu langu lilikuwa zuri kweli kweli. Shida ni kwamba kila mwaka unaopita linazidi kunikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kisa chenyewe ni cha swimingipuli. Usicheke. Sikuzaliwa uzunguni, na kuogelea sijui mpaka leo.

Mwaka 2015 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB, nikisubiri chuo kifunguliwe Oktoba. Mjomba wangu alikuwa na nyumba Mbezi Beach, Dar es Salaam, nyumba ya ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu yake, na uani bwawa la kuogelea. Yeye na familia yake walikuwa mkoani kikazi. Mimi nikapewa chumba cha nje na cheo cha kuangalia nyumba, yaani kulala, kula na kupokea simu. Kazi za kweli alizifanya mzee mmoja wa bustani, mtu wa Rufiji, aliyefika saa kumi na mbili asubuhi na jioni kurudi kwake bondeni, nyuma ya ukuta ule ule. Nilimwita babu, naye akaniita mjukuu. Ila ujukuu wangu ulikuwa wa mdomoni tu: mimi nilikaa kivulini, yeye juani.

Pampu ya bwawa ilikuwa imeungua tangu Juni. Ilipokuja kutengenezwa, maji yalishakuwa kijani, si kijani cha jani la mgomba, bali kile kizito cha mlenda uliolala. Ukitumbukiza mkono huuoni tena kuanzia kifundo. Vyura walishahamia na familia zao. Basi Jumanne moja ya Septemba mjomba akapiga simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sikiliza mpwa wangu, Jumamosi nakuja na wageni, binti yangu ana sherehe. Nikisimama pale ukingoni nataka nione vigae vya chini. Mwambie mzee."

Akatuma pesa ya ndoo moja ya klorini, kilo tano.

Sasa ule ukijani ni nini? Watu husema ni uchafu, wakamaliza. Si uchafu. Ni mwani, viumbe hai wadogo mno, jicho haliwezi kumwona mmoja mmoja, wanaoishi kwa mwanga wa jua na chakula kidogo kilichoyeyuka majini, nitrati na fosfati, vinavyoletwa na mvua, majani na vumbi. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanne, na kwa joto la Dar bwawa la samawati la Jumatatu laweza kuwa kijani kabla wiki haijaisha. Ndugu zao wa mbali, wale wakubwa wa baharini, akina mama wa Paje na Jambiani kule Unguja wamekuwa wakiwalima tangu 1989 na kuwauza nje. Na karibu nusu ya oksijeni inayotengenezwa duniani hutokana na viumbe wa majini wa namna hii. Mwanazuoni wa Uingereza Mary Douglas, katika kitabu chake cha mwaka 1966, alilifuatilia wazo kwamba uchafu ni kitu kilichokaa pasipo mahali pake. Mwani huko Paje ni ada ya shule, Mbezi Beach ni aibu ya mjomba. Nilipoisoma fikra hiyo baadaye chuoni, sikuwaza mwani hata kidogo. Niliiwaza ile ndoo. Klorini nayo mahali pake ni wapi?

Tuliianza kazi Jumatano. Babu hakuwahi kusoma kemia, lakini alikuwa na mpangilio wake ambao mwalimu wangu wa kemia asingeupinga. Kwanza wavu: toa majani, toa vyura. (Walikuwa kumi na saba, niliwahesabu.) Kisha brashi, sugua kuta na ngazi zote, maana mwani ulioshika ukuta una ute unaoukinga, klorini hupita juu yake kama mvua juu ya bati. Halafu pima uchachu wa maji, ile pH, kwa kile kichupa cha rangi. Yetu ilikuwa imepanda hadi 8. Kwenye pH hiyo klorini nyingi hugeuka aina yake ya kivivu, unamwaga pesa tu. Tukaishusha kwa asidi mpaka katikati ya 7.2 na 7.6, tukaacha pampu izungushe maji saa kadhaa, na chupa ya asidi babu akaipeleka mwenyewe banda la kuku, mbali kabisa na ndoo ya klorini.

"Hawa wawili wasionane," akasema. "Wakionana, wewe na mimi hatutaonana."

Hakutia chumvi. Klorini ikikutana na asidi hutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo Wajerumani waliyoifungulia upepo huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, ikaenda kuwakuta askari kwenye mahandaki. Aliyeipata maabara kwa mara ya kwanza alikuwa Carl Wilhelm Scheele wa Sweden, 1774. Na miaka saba tu kabla ya Ypres, mwaka 1908, mji wa Jersey City, Marekani, ulikuwa umeanza kuitia klorini katika maji ya bomba ya mji mzima ili watu wasife kwa homa ya matumbo. Kitu kile kile. Ukiniuliza klorini yenyewe ni njema au mbaya nitakwambia inategemea imeshikwa na nani, jibu ambalo halijawahi kumsaidia mtu yeyote aliyeishika.

Tulingoja jua lizame. Jua hula klorini. Ukiimwaga mchana, baada ya saa moja au mbili nyingi imeshakwenda hewani na mwani unakucheka. Mimi nikapiga hesabu kwenye kiganja: urefu mita kumi, upana mita tano, kina kwa wastani mita moja na nusu, lita 75,000. Babu hakuhitaji hesabu. Aliinyanyua ndoo, akapima kwa kopo la maziwa ya unga, kilo moja na nusu, akaimimina kidogo kidogo kwenye pipa la plastiki ambalo tayari lilikuwa na maji. Klorini ndiyo inayoyafuata maji, maji hayaifuati klorini, ukigeuza itakurukia usoni. Akazunguka ukingo akimwaga polepole kama anayemwagilia mboga. Ndoo iliandikwa kalsiamu hipokloraiti, asilimia 65. Hesabu yangu ikatoa kama miligramu 13 za klorini kwa kila lita.

Asubuhi ya Alhamisi kijani kilikuwa kimepauka, kama nguo iliyofuliwa na kuanikwa sana. Babu akafurahi. Mpango ukawa kilo moja na nusu tena usiku ule, na nyingine Ijumaa, nusu kilo ibaki ya akiba.

Nyuma ya ukuta mambo yalikuwa mengine. Agosti mwaka ule kipindupindu kilikuwa kimezuka Kinondoni, manispaa ile ile iliyo na Mbezi Beach yetu, na baadaye kikaenea mikoa mingi ya Bara. Bondeni kulikuwa na kisima cha kuchimba kwa jembe, na vyoo vya shimo mita chache juu yake. Maji yake, wallahi, yalikuwa maangavu kuliko bwawa letu litakavyowahi kuwa. Ungeweza kusoma sarafu iliyoanguka ndani. Mama mmoja alikuwa akikaa pale kisimani na bomba la sindano lisilo na sindano, kila ndoo ya lita 20 akaitilia mililita nne za maji ya klorini, halafu akamwambia mtu angoje nusu saa kabla ya kunywa. Alhamisi mchana nilikwenda kununua sigara (nilivuta enzi hizo) nikamkuta amekaa mikono mitupu. Dawa imekwisha tangu jana. Wameahidiwa. Nyumba ya tatu kutoka pale watu wawili walikuwa wamepelekwa kambi ya kipindupindu alfajiri ile, mmoja mtoto.

"Inatengenezwaje hiyo dawa, mama?"

"Kijiko kimoja kikubwa cha ule unga wa klorini kwenye lita moja ya maji, mwanangu. Wewe unao?"

Nikapiga tena hesabu ya kiganjani, nikiwa natembea. Maji ya kunywa yanahitaji kama miligramu 2 kwa lita. Kilo moja ya ndoo yetu ina gramu 650 za klorini. Zinatosha lita 325,000. Yaani ndoo 16,250 za kichwani. Nilisimama njiani nikairudia, nikidhani nimekosea sifuri. Kilo moja! Kile ambacho sisi tungekimwaga usiku mmoja ili mtu aone vigae.

Nikaenda stoo. Nikasoma tena maandishi ya ndoo, kalsiamu hipokloraiti tupu, haina kile kiungo kinachotiwa ndani ya klorini nyingine za mabwawa kuizuia isiliwe na jua. Nikapima kilo moja kwenye kopo kavu lenye kifuniko, nikapita mlango wa nyuma. Babu alikuwa mbele anakata ukoka. Mama yule alinishika kichwa kwa mikono miwili. Nilirudi nikitembea kama mtu aliyefunga goli la dakika ya tisini.

Usiku ule babu alipoinyanyua ndoo alisita. Akaitikisa. "Ndoo imekuwa nyepesi, mjukuu." Hakusema lingine, wala mimi sikusema. Tukatia kilo moja na nusu. Ijumaa ikabaki kilo moja, tukaitia hiyo hiyo, tukaacha pampu ifanye kazi usiku. Saa tatu umeme ukakatika, ukarudi kunakucha.

Jumamosi bwawa halikuwa kijani. Lilikuwa jeupe. Kama maji ya kuoshea mchele. Watu wengi hawajui hatua hii: klorini huua mwani lakini haiutoi. Mwani uliokufa unaelea, vumbi laini la kijivu, na kuuondoa ni kazi ya chujio la mchanga, saa kwa saa, na kila mara unageuza maji kulisafisha lenyewe, mafundi wanaita bekiwoshi. Siku moja zaidi, au mbili, tungeviona vigae.

Mjomba alisimama ukingoni na suti yake ya kijivu. Wageni walikuwa wanaingia. Alimwita mzee kando, lakini si kando sana.

"Mzee, nilikupa wiki nzima."

"Siku tatu, bosi."

"Na dawa ndoo nzima. Imekwenda wapi ndoo nzima, na maji ndo haya?"

Babu alikuwa na kofia mkononi. Aliniangalia mimi mara moja tu, na haraka, kama unavyoangalia saa ya mtu mwingine. Halafu akasema, "Umeme ulikatika, bosi." Mjomba akasema kila mtu siku hizi anamsingizia umeme. Mwisho wa mwezi babu alikatwa nusu ya mshahara. Bei ya kilo moja ya klorini haikufika robo ya kile alichokatwa.

Mimi nilikuwa nimesimama na trei ya soda.

Sasa turudi kwenye swali. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye, mpenda mijadala, nilipomsimulia akanipa mawakili wawili. Wa kwanza Azimio la Arusha. Akasema mali ya mtu mmoja mbele ya uhai wa wengi haina hoja, na Azimio la 1967 lingekuwa upande wangu. Sidhani. Azimio lilizungumzia njia kuu za uchumi. Halikusema kijana aingie stoo ya mjomba wake na kopo. Wa pili alikuwa mzito zaidi, Thomas Aquinas, mwanafalsafa wa karne ya 13. Huyu aliandika kwamba mwenye haja kubwa, ya dhahiri, akichukua cha mwenzake kujiokoa, huo si wizi. Na kwamba hata kuchukua kwa siri ili kumwokoa jirani mwenye haja ya namna hiyo inaruhusiwa. Nikaruka kwa furaha. Nimeshinda kesi! Nikaenda kumsoma mwenyewe maktaba, na hapo ndipo kasheshe lilipoanza, maana ametia sharti: pawe hapana njia nyingine.

Njia nyingine ilikuwepo. Ilikuwa mfukoni mwangu, ina vocha ya shilingi elfu moja. Ningempigia mjomba. "Mjomba, bondeni wanakufa, naomba kilo moja." Dakika mbili.

Kwa nini sikupiga? Kwa miaka nilijiambia niliogopa atakataa. Mjomba si mtu wa kukataa. Ni mkali kwa wafanyakazi, lakini msibani ndiye wa kwanza kutoa, tena anatoa kwa sauti. Nadhani niliogopa atakubali. Angesema, "Chukua, peleka hata mbili," na kuanzia hapo wema ungekuwa wake, mimi ningebaki tarishi. Yule mama angemshika yeye kichwa. Nilitaka niwe mimi. Hili kulisema hapa si rahisi, na nimelifuta mara mbili kabla ya kuliacha.

Hata hivyo bado sisemi kwamba kilo ile ingebaki ndoani. Hapana. Ningeulizwa leo ichukuliwe au isichukuliwe, ningesema ichukuliwe, na kesho tena. Nusu kilo iliyopungua Ijumaa nayo sina hakika ilifanya nini. Huenda bwawa lingekuwa jeupe vile vile, kwa kuwa weupe ni shauri la chujio, na chujio lililala na umeme. Huenda. Huo ndio utamu wa sababu zikiwa nyingi: kila mwenye kosa anapata moja ya kujifichia. Umeme ulikuwa wangu, kumbe babu naye akaniazima huo huo, mbele ya mjomba, ili anifiche.

Kwa sababu alijua. Alijua tangu Alhamisi, ndoo ilimwambia mkononi. Na jioni ile aliporudi nyumbani bila shaka aliona kisimani mama amerudi kwenye kazi yake, na wajukuu zake wa kweli, wale wa damu, wakinywa maji yenye harufu ile ile iliyokuwa kwenye nguo zake. Alijumlisha. Angeweza kunitaja na asipungukiwe senti. Mpwa wa bosi angefanywa nini? Angefokewa, angecheka, angekwenda chuo.

Kuna usiku huwa nahesabu hivi: kilo ile ililipiwa. Tena ililipiwa mara nne ya bei yake. Mjomba hakupoteza kitu, amefidiwa na faida juu. Kwa hiyo kitabuni hakuna wizi, deni limefungwa. Lakini tazama nani kalipa. Si aliyechukua, si mwenye mali, na ingawa wajukuu zake walikunywa, walikunywa na bonde zima, na bonde zima halikukatwa mshahara. Mimi nilitoa sadaka kwa mfuko wa babu. Ningeweza kuuvumilia wizi wa stoo, ndugu msomaji. Huu wa pili, uliofanyika kwa kusimama kimya na trei ya soda, ndio sijapata wakili wake, na sitafuti tena.

Jumatatu iliyofuata bwawa lilitakata. Wageni walishaondoka, mjomba naye. Tulikuwa wawili tu, babu na mimi, na vigae vya samawati vilionekana mpaka ile mistari ya saruji kati yake. Kulikuwa na harufu hafifu tu. Babu alikuwa amenieleza kwamba ile harufu kali ambayo watu huisikia kwenye mabwawa ya hoteli wakadhani ndiyo usafi, ni ya klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mikojo. Bwawa safi halinuki hivyo. Chura mmoja alikuwa amerudi, anazunguka ukingoni akitafuta pa kuingilia. Nilitaka kumwambia babu nitazungumza na mjomba. Maneno yalikuwa tayari. Akanitangulia: "Njoo unishikie huu mpira, mjukuu, tufanye bekiwoshi." Nikashika mpira.

Oktoba nikaenda chuo. Nilipopata kazi nilianza kuweka pesa ya babu, ile nusu mshahara pamoja na kitu juu yake, na niliporudi bondeni nikaambiwa alishaondoka kwenda kwao Rufiji, kijiji hakuna aliyenitajia kwa uhakika. Pesa ninayo bado. Mjomba sijamwambia. Yeye halisomi jarida hili. Binti yake analisoma, yule wa sherehe, na najua ataitambua nyumba kabla hajafika aya ya nne.